Kabla volkano haijalipuka: magma hukaa wapi, huganda vipi, na hupandaje

Tarehe 11 Novemba 2018 ardhi ya Afrika Mashariki ilitikisika kwa zaidi ya dakika 20 na watu wakaendelea na shughuli zao bila kuhisi chochote. Mitambo ya kupimia mitetemo ya Kenya, Ethiopia na Zambia ilinasa mawimbi marefu, yakija moja baada ya jingine kila sekunde 16 hivi, kwa mpangilio ambao tetemeko la kawaida halina. Yalisafiri hadi Kanada na New Zealand. Yalikotoka ni baharini, karibu na kisiwa cha Mayotte katika visiwa vya Komoro, zaidi ya kilomita 1,200 kusini ya Lamu.

Sisi wa Lamu bahari ile si ngeni kwetu. Habib Saleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, alizaliwa Komoro, na Maulidi yanayoujaza mji huu kila mwaka yana mkono wake. Ziko nyumba hapa ambazo ukiuliza nasaba utafikishwa Ngazija kabla kikombe cha kahawa hakijaisha. Kwa hiyo ilipothibitika Mei 2019 kwamba volkano mpya imezaliwa kule chini ya maji, swali la barazani lilikuwa la watu wanaoulizia hali ya jamaa: moto huo ulikuwa wapi siku zote, na kwa nini utoke sasa? Mzee mmoja akatoa jibu kabla ya sisi wengine kufungua kinywa: "Mwanangu, chini huko kote ni moto. Mahali pakijaa, hutapika."

Jibu hilo nimelisikia hata kwa waliosoma. Kwa heshima zote, silo. Chini huko si moto kote, na volkano hailipuki kwa sababu imejaa. Kinachoamua ni kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inaweza kusogea au haiwezi, na hilo liko mikononi mwa vitu viwili: fuwele, zile chembe za madini zinazojijenga magma inapoganda, na gesi.

Tuanze chini kabisa. Tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, linaloitwa mantili, lina joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi, lakini ni mwamba mgumu. Uzito wa kilomita nyingi za mwamba ulio juu yake unaukandamiza usiyeyuke. Huyeyuka mahali pachache tu: pale mwamba wa chini unapopanda na mzigo ulio juu yake ukapungua, kama chini ya Bonde la Ufa, pale maji yaliyobebwa na sakafu ya bahari inayozama yanapoingia ndani yake, kama chini ya Indonesia na Japani, au pale joto la ziada linapofika kutoka chini zaidi. Hata hapo hauyeyuki wote. Ni sehemu chache katika mia zinazogeuka majimaji na kujipenyeza kati ya chembe za mwamba. Majimaji hayo ni mepesi kuliko mwamba ulioyazaa, basi hupanda. Sehemu kubwa yake haifiki juu kamwe. Hukwama njiani, hupoa na kuganda, ikawa mwamba tena.

Mahali inapokwama ndipo penye mjadala mkubwa wa miaka ya karibuni. Vitabu vya jiografia tulivyosoma vilichora chumba kikubwa chekundu chini ya mlima, na bomba lililonyooka kutoka chumbani hadi kileleni. Wanajiolojia wengi wameiacha picha hiyo. Wanachokiona sasa ni rojo: fuwele zilizosongamana, zinagusana na kubebana, na katikati yake majimaji kidogo. Rojo hilo linaweza kuenea wima kutoka kina cha kilomita 30 au zaidi hadi kilomita chache chini ya uso wa ardhi. Humo mna mifuko ya magma inayoweza kutiririka, lakini mingi ni midogo na haidumu. Fuwele zikizidi karibu nusu ya ujazo wote, magma haisogei tena. Iko pale, ni ya moto, na imefungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba chini ya Yellowstone, Marekani, mahali watu wanapopaogopa kwa volkano kubwa kupindukia, sehemu iliyoyeyuka ni kama 16 hadi 20 kwa mia tu. Nyingine yote imeganda.

Ushahidi wa kushikika uko hapa Kenya. Mwaka 2011 uchimbaji wa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme ulianza ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la volkano, ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru. Baadhi ya visima vilikutana na magma yenyewe, karibu kilomita 2 tu chini. Pamoja na maji ya kuchimbia vikapanda vipande vya kioo kipya: magma iliyopoa ghafla kwa kuguswa na maji. Kukutana na magma kwa namna hiyo ni nadra mno. Ilitokea Puna, Hawaii, mwaka 2005, na Krafla, Iceland, mwaka 2009. Krafla walikusudia kufika kilomita 4.5. Wakaigonga magma yenye joto la nyuzi 900 hivi kwenye kilomita 2.1, mahali ambapo vipimo vilivyofanywa kutoka juu havikuwa vimeonyesha kitu. Naamini kila mtoto wa shule wa Kenya angestahili kujua habari ya Menengai kama anavyojua mafuvu ya Turkana. Inafundisha jambo ambalo mchoro wa chumba chekundu unalificha: mfuko wa magma unaweza kuwa karibu sana na miguu yetu, ukawa mdogo kiasi cha kutoonekana, na usilipuke.

Sasa fuwele. Magma haigandi yote kwa mara moja kama maji ya barafu, kwa sababu ni mchanganyiko wa vitu vingi na kila madini yana joto lake la kuanza kujijenga. Katika basalti, magma nyeusi ya kawaida, olivini hutangulia, kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi. Olivini hujikusanyia magnesi na chuma. Majimaji yanayobaki hupungukiwa na hivyo viwili, na kwa hesabu hiyohiyo huzidi silika (kitu kilekile kinachofanya mchanga na kioo), sodiamu, potasiamu na maji. Kisha hufuata piroksini na feldispa, na kila moja huchukua fungu lake. Kadiri fuwele zinavyoongezeka, majimaji yaliyobaki yanakuwa magma ya aina nyingine, yenye silika zaidi na mnato mkubwa zaidi, yaani nzito zaidi kutiririka. Ndiyo maana basalti ya mlima Karthala, Ngazija, hutiririka mbali, na trakiti ya Menengai, magma iliyozidi silika, hujikokota. Zote mbili asili yake ni mantili. Kilichozitenganisha ni muda zilizokaa chini zikiacha fuwele nyuma.

Hapa somo linakuwa gumu kidogo, na hapa ndipo ufunguo ulipo. Kupoa si sababu pekee ya magma kuganda. Ndani ya magma mna maji yaliyoyeyuka, wakati mwingine asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake, yakishikiliwa humo na mgandamizo wa mwamba ulio juu. Maji hayo hukata minyororo ya silika na kushusha joto la kugandia. Kwa maneno mengine, ndiyo yanayoifanya magma ibaki majimaji katika joto ambalo bila maji ingekuwa imekwisha kuwa jiwe. Magma ikianza kupanda, mzigo juu yake unapungua, na maji yanatoka kwa mapovu ya mvuke. Majimaji yaliyopoteza maji yake hayawezi tena kubaki majimaji kwenye joto lilelile. Fuwele ndogondogo huzuka kwa maelfu. Magma inaganda kwa sababu imepanda, hata kama haijapoa hata nyuzi moja.

Kuna la kushangaza zaidi. Fuwele inapojijenga hutoa joto. Utafiti wa mwaka 2006 juu ya miamba ya Mount St. Helens, Marekani, na Shiveluch, Urusi, ulionyesha kwamba magma iliyokuwa ikipanda na kuganda kwa namna hii ilijipasha moto kwa hadi nyuzi 100. Inazidi kuwa ngumu na inazidi kuwa moto kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kupanda kwa magma ni mashindano. Ikipanda polepole, gesi hupata nafasi ya kutoroka kupitia nyufa, fuwele hujaa, na magma hukaza. Ama inasimama njiani, ama inatoka kileleni kama kichuguu kizito cha lava, ndiyo magma iliyokwisha kutoka nje, kisicho na papara. Ikipanda haraka, gesi haipati pa kutokea. Mapovu huvimba ndani ya magma nzito isiyoyaachia, hadi yanapochukua karibu robo tatu ya ujazo wote, na magma nzima inapasuka vipandevipande. Huo ndio mlipuko wenyewe. Krakatau, Indonesia, ilipolipuka Agosti 1883, magma yake iliganda hewani mapovu yakiwa bado ndani, ikawa mawe mepesi yanayoelea. Makundi makubwa ya mawe hayo yalivuka Bahari ya Hindi, na mwaka uliofuata yalikuwa yamefika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Tunayajuaje haya, ilhali hakuna aliyeshuka kutazama? Zamani jibu lilikuwa kukisia. Sasa fuwele husomwa. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kila mkaaji wa pwani hii amewahi kuona ndani ya jiwe lililokatwa jinsi tumbawe lilivyojijenga tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo zina kumbukumbu. Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha historia ya joto la bahari ya miaka 194 waliyoisoma katika tumbawe la Malindi. Fuwele nayo hukua kutoka kiini kwenda ukingoni, na kila tabaka lina kemia ya magma iliyolizunguka wakati lilipokua. Ukiikata jiwe la lava jembamba hadi mwanga upenye, ukaiweka chini ya hadubini ya elektroni, utaona kiini kilichokua katika magma yenye magnesi nyingi, kisha ghafla ukingo uliokua katika magma ya namna nyingine. Hapo fuwele ilihama. Ilitoka mfuko mmoja ikaingia mwingine, au magma mpya iliingia ilimokuwa.

Fuwele haina pete za mwaka, hivyo saa yake ni ya namna nyingine. Palipo na mpaka mkali kati ya tabaka mbili, atomi za chuma na magnesi huanza kuvuka taratibu, kwa sababu ya joto, na mpaka hufifia. Mwendo wa kuvuka huko umepimwa maabara kwa joto mbalimbali. Siku lava inapotoka na kupoa, kila kitu husimama pale kilipofikia. Mpaka mwembamba unasema fuwele ilikaa siku au wiki chache tu baada ya badiliko. Mpaka mpana unasema miaka. Tena fuwele zinapokua hunasa matone madogo ya magma ndani yake, zikayafunga pamoja na maji na kaboni dioksidi yake. Gesi kiasi gani zimeyeyuka humo huonyesha mgandamizo ulikuwaje, na mgandamizo huonyesha kina. Kwa hiyo jiwe moja linatoa mahali na muda.

Yaliyosomwa kwa njia hii yamebadilisha fikra nzima. Mlipuko mkubwa wa Santorini, Ugiriki, uliotokea zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ulitanguliwa na utulivu wa miaka 18,000 hivi bila mlipuko wa ukubwa huo. Ungedhani magma ilikuwa ikijilimbikiza muda wote huo. Fuwele zake, katika utafiti wa mwaka 2012, zilisema kwamba kilomita kadhaa za ujazo wa magma ziliingia katika miongo ya mwisho tu, na nyingine katika miezi ya mwisho. Irazú huko Costa Rica, iliyolipuka mwaka 1963, ilitoa olivini zenye nikeli zilizoonyesha kwamba magma ilitoka mantili, kilomita 35 chini, ikafika juu kwa miezi. Mlima unaweza kulala karne nyingi na kuamka ndani ya muda wa ujauzito mmoja. Hili ndilo linalonifanya nione kwamba msemo wa "volkano iliyokufa" unatumiwa kwa urahisi mno.

Turudi Mayotte, kwa kuwa hapo vipande vyote vilionekana kwa pamoja, tena mbele ya macho ya vipimo. Matetemeko yalianza tarehe 10 Mei 2018. Siku tano baadaye likaja la ukubwa wa 5.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika eneo la Komoro. Watu wa Mayotte walilala nje. Katika wiki zilizofuata, vitovu vya matetemeko vilihama: kutoka kina cha makumi ya kilomita vikapanda kuelekea sakafu ya bahari, vikifuata ufa uliokuwa ukijifungua na kujazwa magma. Kuanzia Julai, vipimo vya setilaiti vilionyesha kisiwa kizima kikiteleza kuelekea mashariki na kuzama. Mwishowe kilisogea zaidi ya sentimita 20 na kushuka kati ya sentimita 10 na 20. Maana yake ni kwamba hodhi kubwa lililo chini sana lilikuwa likimwagika, na ardhi iliyo juu yake ikalifuata. Yale mawimbi ya Novemba yaliyopita chini yetu yalihusishwa na hodhi hilohilo na magma iliyokuwa ikitembea humo.

Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne, katika msafara ulioongozwa na mwanajiolojia Nathalie Feuillet, ilipima sakafu ya bahari kilomita 50 mashariki ya kisiwa. Pale ambapo ramani za awali hazikuonyesha kitu palikuwa na mlima wa mita 820, umesimama kwenye kina cha mita 3,500. Kilomita 5 za ujazo wa lava zilikuwa zimetoka katika muda usiofika mwaka. Hadi volkano hiyo iliponyamaza mwanzoni mwa 2021, zilikuwa zimefika 6.5. Leo inaitwa Fani Maoré.

Meli zilikokota mawe kutoka kwenye lava hiyo mara kwa mara, na hapo fuwele zikasema ambayo matetemeko yasingeweza kusema. Lava ya mwaka wa kwanza ilikuwa na fuwele chache mno. Ilikuwa imetoka moja kwa moja kwenye hodhi lililo kilomita 37 au zaidi chini, ndani ya mantili, na haikukaa popote njiani. Kuanzia Mei 2019 mambo yakabadilika. Lava ilianza kuja na olivini zenye magnesi kidogo, ambazo haziwezi kukua katika magma ile ya kina. Zilikuwa za magma nyingine, iliyokuwa imekaa kwenye kina cha kilomita 17 hivi ikipoa na kuganda kwa muda mrefu, hadi magma mpya ilipopita ikazizoa. Wengi walikuwa wakitafuta hodhi la volkano katika kilomita 5 au 10 za juu. Mayotte ilionyesha kwamba magma ya kutosha kujenga mlima inaweza kukaa chini ya ganda zima la dunia na kupanda hadi juu kwa wiki chache.

Kwa upande wa tahadhari, Mayotte ilikuwa na bahati: magma ilitoka mbali, hivyo ilipiga kelele njiani. Goma haikuwa na bahati hiyo. Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji huo wa mashariki ya Kongo, ilipopasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, dalili za wazi kwenye mitambo zilitangulia kwa dakika tu. Magma ya Nyiragongo ni nyepesi kutiririka kupita kiasi, na tangu baada ya mlipuko wa mwaka 2002 ilikuwa imesimama ndani ya kreta kama ziwa lililo wazi. Haikuhitaji kupanda. Ukuta wa mlima ulipopasuka, lava ilikuwa tayari mlangoni. Watu wa Goma walilaumu sana kwamba hawakuonywa, na uchungu wao ni wa haki. Ila ni vyema ijulikane kwamba mitambo husikia magma inaposafiri, na ile ilikuwa imekwisha kufika zamani.

Karthala iko katikati ya hali hizi mbili. Mlima huo wa mita 2,361 una basalti isiyo na mnato mkubwa, na kwa kawaida magma yake ingetoka kwa utulivu. Lakini mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, kwa sababu magma ilikutana na maji karibu na kreta. Maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao, na majivu yakaingia katika matangi ya maji ya mvua ambayo Wangazija wengi hutegemea kwa kunywa. Gesi ya mlipuko ilitoka kwenye maji ya juu, siyo ndani ya magma, na fuwele haziwezi kutabiri hilo.

Mayotte yenyewe haijamaliza. Matetemeko mengi hayakutokea chini ya Fani Maoré, bali kilomita 5 hadi 15 tu mashariki ya Petite-Terre, kisiwa kidogo cha Mayotte, kwenye kina cha kilomita 20 hadi 50, na yaliendelea hata baada ya lava kukoma. Karibu na hapo, kwenye mteremko wa chini ya bahari, kaboni dioksidi inatoka sakafuni. Wanasayansi wa Ufaransa hurudi kupima gesi hizo na kulinganisha kiasi chake. Kati ya gesi zote kuu za magma, kaboni dioksidi ndiyo inayotoka mapema zaidi, ikiwa bado kina kirefu, na magma ikianza kupanda upya upande ule, hiyo ndiyo inayotarajiwa kuongezeka kabla ya kitu kingine chochote.